Mbuzi wa Kisingizio

Nimestaafu, hii ni wiki ya tatu, na nakiri kwamba kupumzika kumenichosha. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nachemsha maji kana kwamba kuna sindano za kuchemsha, kisha nakumbuka sindano za kuchemsha ziliisha zamani na kazi yenyewe imeisha juzi. Wiki hii vijana wawili waliorithi ofisi yangu ya Garsen walinipigia simu kuuliza ufunguo wa kabati la dawa uko wapi. Uko juu ya mlango, upande wa kushoto. Lakini simu ile ilinichangamsha hata nikaona heri niwaandikie na mengine. Vyeo na mishahara nitaviruka. Nilivipata kwa kuchelewa na sina hadithi navyo.

Ninyi mnadhani kazi yetu ni ng'ombe. Nami nilidhani hivyo, na kwa kiasi kikubwa ni kweli; katika wilaya hii anayesema mifugo anasema ng'ombe, na mbuzi wakiwa na bahati. Lakini kisa kilichonigeuza kuwa mfanyakazi wa maana kilikuwa cha paka, na hakikufika hata kilo tatu. Hata leo nikikisimulia naenda mbio, kwa hiyo mnisamehe.

Nianze na siku ya kwanza. Niliripoti Garsen nikiwa msichana mwenye viatu vipya na cheti kilichokunjwa mara nne, nikakabidhiwa kwa Bwana Komora, Mpokomo wa Ngao, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Nilitarajia kuonyeshwa ng'ombe. Badala yake alinipa katoni ya chupa tupu za dawa, akaniketisha sakafuni, akasema, "Soma."

Nikasoma lebo ya kwanza kwa sauti. Jina la dawa, kipimo kwa kila kilo, siku za kungoja kabla maziwa hayajanywewa, tarehe ya kuharibika, wanyama wanaoruhusiwa.

"Umeona mbwa hapo?"

"La."

"Paka?"

"La, bwana."

"Basi si yao. Endelea na nyingine."

Nikajiuliza ni nani aliyeuliza habari za paka. Nilisoma chupa hadi adhuhuri, koo limekauka, na siku hiyo sikugusa mnyama hata mmoja. Komora alikuwa na kamba yenye mafundo ya kuzungushia kifua cha ng'ombe ili akadirie uzito, na sanduku la baridi alilolifunika gunia bichi ili barafu isiyeyuke kabla ya saa nane. Kila chupa ndogo aliyoigawa aliibandika karatasi na kuandika kwa mkono, herufi kubwa kubwa, hata kama mwenye mbuzi hakujua kusoma. Alisema kwenye kila nyumba kuna mtoto wa shule. Nilimwona mzee mwenye mambo mengi, Mungu anisamehe.

Mwezi wangu wa pili akaja Kahindi. Huyu ni mkulima wa Kigiriama wa karibu na Tarasaa, na alikuwa amembeba mbwa begani jinsi mtu anavyobeba gunia la mkaa. Mbwa aliraruliwa paja na ngiri. Pale nje palikuwa na wafugaji wa Kiorma kumi na tano hivi wakingoja chanjo, na mmoja akauliza kama siku hizi mbwa nao wana maziwa. Watu wakacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi ya wote, na nikaongeza langu, kwamba tusubiri tu, kesho tutaletewa kuku wa mafua na panya wa homa. Komora hakucheka. Alimtoa Kahindi nje, nyuma ya ofisi, akamshona mbwa, akampimia dawa ya kuzuia usaha na kumwambia aimalize yote hata kidonda kikifunga. Akarudi, akanawa mikono, akaniambia nikafagie banda. Nilidhani ananituma tu.

Komora alistaafu, mimi nikabaki na sanduku, kamba ya mafundo na ulimi wangu.

Ndipo ilipoanza ajabu ambayo ilinichukua miaka kuielewa: mbuzi wazima. Mtu anatoka Kulesa kwa miguu, anamburuta mbuzi ambaye hata mimi ningemla. Namtazama macho, ufizi, kwato, nasikiliza tumbo. Hana kitu. Mwenyewe hashangai. Anashukuru, anafungua kamba, anapiga hatua tatu, halafu anageuka, "Eti daktari, na kama ni mbwa mwenye minyoo, naye hupewa hiihii?" Nami, kichwa kimeshahamia kwa anayefuata, najibu, "Punguza kidogo."

Punguza kidogo. Nikiyakumbuka maneno hayo napata joto la uso. Punguza kutoka kipimo gani, cha mnyama yupi, mwenye kilo ngapi? Kuna mwanamume mmoja wa hapo hapo Kulesa, mbwa wake alikuwa akichechemea, akampa vidonge vyake mwenyewe vya goti, siku nne mfululizo, kwa mapenzi. Siku ya tano mbwa alikuwa anahara nyeusi kama lami, na nilipofika alikuwa ameshakufa. Mwenyewe aliniambia alitaka kuniuliza tangu mwanzo lakini siku ile hakuwa na mbuzi wa kuja naye. Nilimsikia kwa masikio haya mawili, na bado sikuelewa.

Sasa nifike kwa Mama Karisa. Alikuwa mjane, jirani wa yule Kahindi, mlimaji wa mahindi na kunde kwenye ardhi inayopata maji ya mto. Mwaka huo mto ulikuwa umevunja kingo na kuchukua shamba lake lote, mahindi yakiwa yamefika magotini. Kilichobaki ni mbegu. Wagiriama huweka mahindi kwenye lutsaga, dari ya fito juu ya mafiga, yapate moshi yasibunguliwe. Mama Karisa alikuwa na mahindi ya mbegu huko juu ya kutosha shamba moja, akingoja ardhi ikauke apande. Mafuriko, kama mnavyojua, hayafukuzi watu tu. Panya wote wa bondeni walihamia kwenye nyumba za juu.

Nilikuwa Tarasaa kila Jumanne, kwenye kibanda kando ya duka la mzee mmoja wa Kipini. Jumanne hiyo asubuhi Mama Karisa alikuja mikono mitupu, akaniambia ana mwanambuzi mchanga ana viroboto wa kufa mtu.

"Mkubwa kiasi gani?" nikamwuliza.

Akaonyesha kwa mikono. Mdogo sana. Nikasema huyo amezaliwa juzi. Akasema naam, juzi tu.

Nikavuta kwa sindano dawa ya kupe, ile ya kumwaga mgongoni kwa ng'ombe na mbuzi, nikaitia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa. Nikamwambia apake tone baada ya tone kutoka shingoni hadi mkiani. Sikubandika karatasi. Palikuwa na foleni na kalamu ilikuwa mfuko mwingine, na huo ndio utetezi wangu wote.

Saa tisa alasiri nimeshafunga sanduku, bodaboda ya kunirudisha Garsen inaunguruma, namwona anakuja mbio, kapu amelikumbatia kifuani, leso juu yake.

"Daktari, yule mwanambuzi anatetemeka."

"Anatetemeka vipi?"

"Masikio. Miguu pia. Anatoka mate."

Nikashangaa kweli, kwa sababu dawa ile mbuzi huivumilia vizuri. Nikamwuliza kama mbuzi ameilamba. Akasema labda. Nikamwuliza kama amekula majani mageni, kama amenyonya, kama mama yake ni mzima. Akajibu yote, vizuri kabisa, jibu moja baada ya jingine. Tulipoteza dakika nzima za thamani tukimtibu mbuzi ambaye hajawahi kuzaliwa. Ndipo kapu likarukaruka mikononi mwake, na ndani yake ikatoka sauti ambayo si ya mbuzi wa nchi yoyote.

Nikaitoa leso. Paka wa kijivu, mbavu mistari mistari, masikio yanacheza, taya limelowa, mwili mzima unapigwa na mitetemo kama mtu mwenye homa ya baridi.

"Mama Karisa, mbona hukusema ni paka?"

"Ungenicheka."

"Mimi?"

"Ulimcheka Kahindi na mbwa wake. Huku kwetu watoto wanajua ile habari ya kuku wa mafua." Akalikumbatia kapu tena. "Daktari, yeye ndiye analinda mbegu. Sina nyingine. Akifa huyu sipandi."

Niliona aibu, nami naiandika hapa bila kuipaka sukari. Kumbe wale mbuzi wote wazima, miaka yote ile, walikuwa nauli ambayo watu walilipa ili wasichekwe na mimi.

Aibu lakini haitoi dawa mwilini. Sikilizeni sasa, hapa ndipo penye kazi. Mimi ni msaidizi, si daktari kamili, na mambo ya paka sikuyajua. Nilichojua ni kwamba sijui. Nikampigia Daktari Athman, aliyekuwa na zahanati ya wanyama Malindi, kijana mdogo kuliko kitinda mimba wangu.

"Daktari, paka amepakwa dawa ya kupe ya mbuzi."

"Jina la dawa, mama?"

Nikamsomea lebo ya chupa kubwa, polepole, kama nilivyosomeshwa sakafuni.

"Hiyo ni sumu kwake," akasema. "Mwili wa paka hauwezi kuivunja kama wa mbuzi. Alipakwa saa ngapi?"

"Saa nne."

"Anameza?"

"Mate yanamtoka tu."

"Basi asipewe kitu mdomoni. Hata maziwa. Watakwambia maziwa."

Nikageuka. Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yangu na pakiti ya maziwa, ameshaikata pembe.

"Vaa glavu," Athman akaendelea. "Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji ya vuguvugu. Yakiwa moto dawa inazidi kuingia, yakiwa baridi anazidi kutetemeka. Osha, suuza, osha tena, umkaushe vizuri. Kisha mpime kilo unipigie. Usikadirie."

Tukamwosha kwenye beseni la duka, Mama Karisa ameshika kichwa, mimi nasugua mgongo. Maji yalitoka na mafuta ya dawa yanayong'aa. Tulirudia mara tatu. Kisha nikamwomba mwenye duka mizani yake ya sukari, nikijitayarisha kubembeleza.

"Mtie hapo, mama," akasema yule mzee wa Kipini. "Paka hana neno. Angekuwa mbwa tungezozana."

Paka hakukaa hata sekunde. Tukampima ndani ya kapu, kisha kapu peke yake, tukatoa. Kilo mbili na robo tatu. Nikampigia Athman, akanipa kipimo cha dawa ya kutuliza mitetemo niliyokuwa nayo sandukuni, akanifanya nikirudie mara mbili. Kilikuwa kidogo mno, kilionekana kwenye bomba la sindano kama kitu nilichokisahau. Mkono huu umechanja mazizi mazima kabla ya chai ya saa nne, na mbele ya paka yule ilibidi Mama Karisa aushike.

Tulingoja. Bodaboda iliondoka bila mimi. Kwanza masikio yakatulia. Halafu miguu ya nyuma. Halafu paka akavuta pumzi ndefu, akaiachia, na mwili wote ukalegea mapajani mwa Mama Karisa. Nilifurahi hata nikamkumbatia mwenye duka, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitarajia wala hakulifurahia sana.

Athman alisema dawa niliyomchoma ingeisha nguvu kabla ya sumu kuisha, kwa hiyo nililala kwa Mama Karisa. Paka tulimweka pembeni penye giza, ndani ya leso kavu. Jua halijazama tukaanza kuwasikia panya juu ya lutsaga. Walijua askari ni mgonjwa hata kabla ya majirani. Punje zilidondoka moja moja karibu na mafiga, na kila ikidondoka Mama Karisa aligonga fito kwa mwiko. Jirani mmoja akaja na pakiti ya sumu ya panya, kwa nia njema. Nikamwomba airudishe. Panya akila ile, paka akimla panya huyo, tutakuwa tumefanya kazi yote ile ili tumwue kwa njia nyingine. Basi tukagonga fito kwa zamu, mwiko kwa mwiko, na mitetemo iliporudi nikapiga simu, nikachoma tena kiasi kilekile nilichoambiwa.

Asubuhi paka alisimama, akaanguka, akasimama. Akanywa maji. Kuna watu wamepewa nishani wakiwa na furaha ndogo kuliko niliyokuwa nayo mimi nikimtazama paka akinywa maji kwenye kifuu cha nazi.

Kabla ya kuondoka nilimwambia Mama Karisa kosa ni langu: sikuomba kumwona mnyama, sikubandika karatasi, na kicheko changu ndicho kilichomtoa paka kikamweka mbuzi. Alisikiliza huku akizoa punje zilizodondoka, akizipuliza jivu moja baada ya nyingine.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini siku ya kupanda uje ushike jembe."

Siku ya tatu alinipigia kuniambia paka amepanda lutsaga mwenyewe, na huko juu kumekuwa na mambo. Baada ya majuma mawili ardhi ilikauka, nikaenda, nikashika jembe. Mgongo uliniuma wiki nzima na mahindi yaliota.

Tangu siku ile nilikuwa na swali moja nililoliuliza kwa kila aliyekuja, kabla hata ya jina: nyumbani kuna mbwa, kuna paka? Nililiuliza kwa uso mkavu, kama karani. Na vijana wangu, msilitupe. Mtu akiwaambia mnyama ni mdogo, mwambieni amlete. Akishindwa, mfuateni. Mpimeni, hata kwa mizani ya sukari. Andikeni kwenye kichupa dawa ni ya nani na si ya nani. Kidonge cha maumivu cha binadamu, kile mnachomeza ninyi kichwa kikiwauma, kimoja tu kinaweza kumwua paka. Waambieni watu hivyo hata kama hawajauliza. Na pale mnapokuwa hamjui, mpigieni daktari. Athman hajawahi kunicheka hata siku moja, na nilimpigia kwa mambo ya kuchekesha sana.

Lakini maswali ya karani hayaondoi aibu ya miaka. Watu walijibu "hakuna" na mbuzi wazima waliendelea kuja. Miezi ikapita. Jumanne moja, Tarasaa, foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, wafugaji watupu na ng'ombe wao, na nyuma kabisa nikaiona leso ya Mama Karisa. Alikuwa na kapu. Zamu yake ilipofika kijana mmoja akamwuliza ameficha nini humo.

"Sikuficha," akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Ni paka. Ana viroboto tena. Nimemleta kwa daktari."

Kijana akatabasamu, akanitazama mimi, akingoja nianzishe. Watu wote waliningoja mimi. Nikamfungua paka, nikamtazama masikio na ufizi, nikampima, nikatoa dawa ya viroboto ya paka ambayo Athman alikuwa ameniletea, nikaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa kubwa, nikaibandika. Nikamweleza Mama Karisa asirudie kabla ya mwezi. Nilichukua muda uleule ambao ningempa fahali wa mtu tajiri. Akamrudisha paka kapuni, akaaga, akaondoka akipita katikati ya wanaume na ng'ombe, wala hakuharakisha.

Aliyefuata alikuwa Mzee Galgalo, mfugaji wa Kiorma, mtu wa heshima zake, msikitini hakosi. Tukasalimiana kama inavyopasa: mvua, malisho, watoto, maji, mvua tena. Kisha akamsogeza ng'ombe. Nikampima joto, nikamtazama macho, nikaweka sikio tumboni. Nikazunguka mara mbili ili nisimkosee.

"Mzee," nikasema, "huyu ng'ombe ni mzima."

Alikuwa akimtazama Mama Karisa, ambaye sasa alikuwa ameshavuka barabara.

"Ng'ombe iko sawa," akasema. "Gonjwa ni mbwa."

Nyuma yake hakucheka mtu. Nikamwuliza yuko wapi. Akanyoosha fimbo kuelekea mkokoteni wa punda uliokuwa umeegeshwa mbali kidogo, na huko kwenye kivuli chake alikuwa amelala mbwa wa kahawia, amefungwa kamba mpya, akitungoja tumalize na ng'ombe.